Pikipiki yako: uihudumie mwenyewe, umpe fundi wa kijiweni au uipeleke kwa wakala?

Jumamosi moja nilikuwa nimechuchumaa uani kwangu Mbagala, spana 17 mkononi, namwaga oili ya pikipiki. Oili chafu ilitoka vizuri, nikaifuta nati, nikairudisha. Ilipofika mwisho nikajiambia ngoja niikaze kidogo tena, isije ikavuja. Spana ikagoma. Nikaiongezea bega. Ghafla ikawa laini, inazunguka tu bila kushika. Uzi umekufa. Nati ni ya chuma na tumbo la injini ni alumini; vikishindana, alumini ndiyo inayoumia. Nilikwepa kumlipa fundi 3,000 ya kumwaga oili, nikaishia kumlipa mchonga vyuma 35,000 ya kukata uzi mpya, juu yake siku mbili za kubanana kwenye daladala.

Sikuacha kuihudumia mwenyewe kwa sababu ya siku ile. Ila tangu hapo mtu akiniuliza "nifanye mwenyewe au nimpe fundi?" na mimi humuuliza: kazi gani? Na ukikosea, utajua saa ngapi? Ukiwa bado umechuchumaa uani, au ukiwa na abiria mgongoni kwenye mteremko?

Vigezo

Nitapima njia tatu kwa vigezo vinne vilevile.

Mfuko: gharama ya mwaka mzima, vifaa vikiwemo, maana bei ya siku moja hudanganya. Muda: saa za kazi pamoja na saa za foleni. Kwa boda mwenye hesabu ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, kila jioni, foleni ni pesa. Uhakika: kazi imefanyika kweli, na kilichoingia kwenye pikipiki ndicho ulicholipia. Na kosa: likitokea, analibeba nani?

Pikipiki ninazozungumzia ni hizi zetu za cc 100 hadi 150 zenye kabureta: Boxer, TVS, na zile za Kichina zenye injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, ambazo mtaani tunaziita Toyo hata kama tangi limeandikwa jina jingine. Kama yako ni ya injeksheni, mengi ya hapa bado yanakuhusu, isipokuwa ya mafuta na umeme.

Njia ya kwanza: mwenyewe, uani

Mfuko. Seti yangu ya kuanzia ilikuwa spana za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, boksi ya plagi, bisibisi mbili, plaizi, beseni na pampu ya miguu. Ilinigharimu kama 60,000, nikinunua kimoja kimoja. Sasa piga hesabu. Bodaboda anayekimbiza kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 ndani ya siku ishirini. Akibadilisha oili kila kilomita 2,000, kwa mwaka anabadilisha mara kumi na nane. Kwa ufundi wa 3,000 kila mara, hiyo ni 54,000. Seti inakaribia kujilipa kwa oili peke yake. Mimi ninayekwenda kazini na kurudi, kilomita 20 kwa siku, nabadilisha mara tatu au nne. Ninachookoa hakizidi 12,000. Kwa hiyo mtu wa matumizi madogo akikwambia anajihudumia ili kubana matumizi, mwambie aseme ukweli: anapenda kushika spana.

Muda. Mara ya kwanza kumwaga oili ilinichukua saa moja na nusu, nusu ya muda huo nikitafuta kitambaa. Sasa ni dakika ishirini na tano, na nachagua saa mwenyewe. Hakuna foleni uani.

Uhakika. Hapa njia hii inang'ara. Chupa nimeifungua mimi, lakiri nimeikata mimi. Na macho yako yakiwa karibu na injini kila mwezi, unaona mambo ambayo fundi hana sababu ya kukutafutia: nati ya egzosi iliyolegea, waya wa klachi unaoanza kufumuka nyuzi, unyevu wa oili chini ya gasketi.

Kosa. Ni lako lote. Hakuna wa kumrudishia. Uzi ule wa nati niliulipia mimi.

Njia ya pili: fundi wa kijiweni

Mfuko. Kwa mwenye matumizi madogo, mara nyingi ndiyo njia rahisi kuliko zote. Hununui vifaa, na ukinunua oili kwake wengine hawachukui hela ya ufundi kabisa. Gharama inajificha kwenye spea. Cheni ya bei nusu inayodumu robo ya muda si cheni ya bei rahisi.

Muda. Inategemea umefika saa ngapi. Saa mbili asubuhi unakuta boda watano mbele yako. Saa nane mchana anakupokea mwenyewe, "karibu bosi", na stuli anakupanguzia.

Uhakika. Mkono wa fundi aliyefungua injini mia tatu hauwezi kulinganishwa na wangu. Anasikiliza mlio na kukwambia tapeti ya moshi (skrubu ya kupanga nafasi ya vali) imeachia, kabla hujashuka kwenye pikipiki. Udhaifu uko kwenye vifaa na haraka. Nati yenye pembe za mviringo ni saini ya spana malaya (ile ya kupanua na kubana mdomo), na utaziona nyingi. Niliwahi kumwachia fundi mmoja nikaenda kunywa chai. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, oili imetoka kwenye ndoo. Nikamuuliza, "Fundi, hii ni ya pikipiki?" Akacheka: "Bosi, oili ni oili." Siku ya tatu, nikipanda kilima, injini ikanguruma na pikipiki ikatambaa. Klachi inateleza. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zina viambato vya kupunguza msuguano. Injini ya gari inavifurahia, klachi yetu inavikataa. Ndiyo maana chupa ya oili ya pikipiki huandikwa JASO MA au MA2. Ukikosa maandishi hayo, iache.

Kosa. Mnalibeba pamoja, kwa kiasi cha undugu wenu. Fundi anayekujua atarudia kazi bure na kukupigia simu kesho yake kuuliza. Wa safarini, hapana.

Njia ya tatu: gereji ya wakala

Mfuko. Ufundi ni ghali kuliko sehemu zote, na spea vilevile. Isipokuwa pikipiki ikiwa mpya: huduma za mwanzo huwa zimeshalipwa ndani ya bei, na ukizikosa au ukafunguliwa injini kwingine, dhamana inaweza kukataliwa. Soma kitabu chako kabla hujashika spana.

Muda. Ni wa kupanga, na mara nyingi ni wa kuacha pikipiki. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuiacha siku nzima. Boda mwenye mkataba hawezi.

Uhakika. Spea ni halali, wana spana ya kupimia mkazo, na kama pikipiki ni ya injeksheni wana kifaa cha kusoma makosa ambacho kijiweni ni nadra kukikuta. Lakini jengo zuri halimalizi kazi. Niliwahi kulipia huduma kamili mahali pa namna hiyo, karatasi ikaandikwa chujio la hewa limesafishwa. Nyumbani nikafungua kifuniko: vumbi jekundu la mwezi uliopita lilikuwa bado limelala pale, na buibui wake.

Kosa. Hapa una karatasi. Nilirudi na risiti, wakaomba radhi, wakasafisha nikiangalia. Kwa fundi wa kijiweni ningebaki na maneno yangu dhidi ya yake.

Kazi kwa kazi, mizani hubadilika

Oili ni ya uani kwa yeyote mwenye subira. Injini iwe vuguvugu, pikipiki isimame wima kwenye stendi kubwa. Nati ya kumwagia ifike kwa vidole kwanza, kisha spana fupi, kwa nguvu ya kiganja na siyo ya bega (nimeshakueleza kwa nini). Kijiti cha kupimia, kwenye injini za CG, hakikazwi wakati wa kupima: unakichomeka tu mpaka kikalie tundu, unakitoa, unasoma. Watu hukikaza, wanaona oili imejaa kumbe haijafika. Pikipiki hizi zinabeba kama lita moja, kwa hiyo upungufu wa kikombe cha chai si jambo dogo. Oili chafu usiimwage mtaroni. Kwetu kuna mzee huipaka nguzo za banda lake kukimbiza mchwa, na mimi humpelekea kidumu.

Plagi na chujio la hewa ni rahisi zaidi, na vinakufundisha kusoma injini. Plagi yenye rangi ya udongo wa chungu ni ya injini iliyoshiba sawasawa. Masizi makavu meusi: petroli nyingi au hewa kidogo, nenda kwenye chujio. Nyeupe kama chokaa: injini inaungua kwa joto, na hapo mwite fundi. Kuirudisha, izungushe kwa vidole tu mpaka ikae. Ikigoma mapema imekaa upande, irudishe nyuma uanze upya. Chujio la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likamue kwa kulibana na siyo kulisokota, likauke, kisha lipake oili kidogo. La karatasi halioshwi. Anayeishi kwenye barabara ya vumbi asisubiri huduma ya oili ndipo aliangalie chujio.

Cheni ndiyo kazi ninayotamani kila mwenye pikipiki aijue, hata kama mengine yote atayaacha kwa fundi. Shika sehemu ya chini, katikati ya sproketi mbili (zile gia za meno zinazobeba cheni), isukume juu na chini. Nyingi za pikipiki hizi zinataka mchezo wa milimita 20 hadi 30, kama upana wa vidole viwili vilivyobanana. Zungusha gurudumu upime tena, maana cheni haichakai sawasawa: pana mahali imebana na pana mahali imelegea, na kipimo kinachukuliwa pale ilipobana. Legeza nati ya ekseli, vuta virekebishi viwili kwa idadi ileile ya mizunguko, linganisha alama za kushoto na kulia. Halafu likumbuke hili ambalo hata mafundi husahau wakiwa na haraka: gurudumu limerudi nyuma, kwa hiyo fimbo ya breki ya nyuma imevutika nalo. Pedali iliyokuwa na mchezo sasa imekaza, breki inakwaruza, ngoma ya breki inachemka. Irekebishe kabla hujaondoka. Na klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliofumba uelekee cheni inakokwenda. Ikigeuzwa, ikikwaruzwa na kitu inachomoka.

Meno ya sproketi yakishapinda kama ndoano, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno mabovu ni hasara ya miezi mitatu.

Breki ni hadithi nyingine. Kuzikaza kwa nati ya fimbo, fanya mwenyewe. Kubadilisha viatu vya breki, mara ya kwanza ufanye na fundi pembeni, kwa sababu hili ni kosa lisiloonekana uani. Kidole chenye grisi kikigusa kiatu, breki bado itashika ukiijaribu kwa mwendo wa kutembea. Itakuacha ukiwa kwenye mwendo.

Tapeti mimi nampelekea fundi, nasema bila aibu. Kwenye CG nafasi ni milimita 0.08, inapimwa injini ikiwa ya baridi kabisa, pistoni juu mwishoni mwa mgandamizo. Nilijaribu mara moja, nikaweka pistoni kwenye mzunguko usio wake, pikipiki ikagoma kuwaka. Kwa mwingine hiyo ni kazi ya nusu saa. Ila nenda asubuhi kabla hujaiwasha, au iburure. Anayekupimia tapeti injini ikiwa ya moto anakubahatishia.

Nyongeza: taa, chaji ya simu, bampa, meno

Wengi wanadhani nyongeza ndizo kazi nyepesi. Bampa la chuma na vioo vikubwa, kweli: ni nati tu, na hapo sioni sababu ya kumlipa mtu. Keria ikihitaji kuchomelewa, nenda kwa mchomeleaji, ukatoe waya za betri kabla hajawasha mashine.

Umeme unataka hesabu kwanza. Taa mbili za LED za wati 20 ni wati 40; gawa kwa volti 12, unapata kama ampea 3.3. Chaji ya simu ya wati 10 inakula chini ya ampea moja. Betri zetu nyingi ni za ampea-saa 5 hadi 7. Ukiacha taa zile zinawaka injini imezimwa, saa mbili haziishi utakuwa unasukuma. Kwa hiyo umeme wa taa upite kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoamshwa na swichi ya ufunguo, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri upande wa chanya. Ikikaa mbali, waya wa kabla yake hauna ulinzi: ukichubuka kwenye fremu, unawaka.

Kwenye hili njia tatu zinagawana vizuri. Mwenyewe una muda wa kupitisha waya mbali na egzosi na kuufunga kila shubiri moja. Fundi umeme wa mtaani ana kasi na anazijua rangi za waya za pikipiki yako, ila mwambie mapema hutaki kusokota na selotepu, na fyuzi uiletee mwenyewe. Wakala mara nyingi atakataa kufunga kitu asichokiuza, na kwa pikipiki iliyo ndani ya dhamana hilo ni onyo la kulisikiliza. Kabla hujanunua balbu ya LED ya taa kubwa, washa taa injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa moto, kisha vuta moto. Taa ikififia na kupanda pamoja na injini, huenda inalishwa moja kwa moja kutoka kwenye koili ya kuzalisha umeme bila kupita kwenye betri, na balbu ya kawaida ya LED itapepesa hapo.

Kuna nyongeza moja isiyong'aa ninayoipenda: jino moja zaidi kwenye sproketi ya mbele. Kutoka 14 kwenda 15 injini inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 7 kwa mwendo uleule. Kwenye barabara ndefu ya Dar kwenda Bagamoyo utaisikia imetulia. Ukiwa kwenye milima ya Lushoto na magunia mawili ya viazi nyuma, utajuta kabla ya kona ya pili.

Kulingana na hali yako

Pikipiki ni mpya na ina dhamana: wakala kwa huduma zote za kitabu. Wewe jifunze cheni, upepo wa matairi na kijiti cha oili. Kwa upepo, nyingi huanzia psi 25 mbele na 28 nyuma, ukiwa na abiria nyuma iende 32. Kibandiko kwenye pikipiki ndicho chenye neno la mwisho.

Wewe ni boda wa kutwa: oili, cheni, plagi na chujio vifanye mwenyewe usiku au alfajiri, saa zisizo na abiria. Tapeti, klachi na breki zibaki kwa fundi mmoja, yuleyule kila mara. Kama pikipiki ni ya tajiri na wewe uko kwenye hesabu, kubalianeni kwanza nani ananunua oili, la sivyo utaokoa pesa ya mtu mwingine.

Umeajiri dereva na pikipiki huioni mchana: kujihudumia ni kazi ngumu kwako. Chagua fundi, mlipe wewe mwenyewe na siyo kupitia dereva, na oili inunue wewe. Dereva akuletee chupa tupu.

Unaitumia kwenda kazini tu: pesa haiamui chochote hapa. Ukipenda spana, karibu uani. Usipopenda, fundi wa kijiweni saa nane mchana, na ukae kwenye ile stuli uangalie. Chai itasubiri.

Uko kijijini, fundi wa karibu yuko kilomita 30: hapo vifaa ni sehemu ya pikipiki. Ongeza kwenye seti ile tyubu moja, vyuma vya kufungulia tairi, plagi ya akiba, waya wa klachi na kiungo cha cheni chenye klipu yake. Vifungie chini ya kiti kwa mpira wa tyubu ya zamani, visigongane.